Breki za mbele na za nyuma kwenye pikapu iliyoinuliwa

Mafundi wenzangu, na ninyi wenye magari mliokuja kusikiliza, tuanze na hesabu kabla hatujashika spana.

Chukueni pikapu tupu ya kilo 2,000. Ikiwa imesimama, ekseli ya mbele inabeba kilo 1,100, ya nyuma 900. Kati ya ekseli na ekseli ni mita 3, na kitovu cha uzito kiko sentimita 70 juu ya ardhi. Dereva akikanyaga breki kwa nguvu kwenye lami kavu, mwendo ukapungua kwa 0.8 ya mvutano wa dunia, uzito unaohamia mbele ni 2,000 mara 0.8, mara 0.7, gawanya kwa 3. Kilo 373. Mbele sasa kuna 1,473, na nyuma zimebaki 527.

Breki ya nyuma haina haki ya kufanya kazi kupita kilo hizo 527. Ukiizidishia, gurudumu linafunga, yaani linaacha kuzunguka gari likiwa bado linakwenda, na tairi lililofunga halishiki tena ubavuni. Mkia unaanza kuupita mbele na gari linageuka likiwa bado kwenye mwendo. Magurudumu ya mbele yakifunga kwanza ni hatari pia, maana usukani unakuwa pambo, lakini gari linakwenda moja kwa moja na dereva akilegeza mguu anaupata tena. Ndiyo sababu viwanda hupanga mbele zitangulie kufunga.

Sasa inua gari kwa sentimita 10. Rudieni hesabu kwa 0.8 badala ya 0.7: zinahama kilo 427, nyuma zinabaki 473. Tofauti ni kilo 54 tu! Wengi hapa mlitarajia zaidi. Lakini pakia kilo 600 juu ya ekseli ya nyuma, na hata tukichukulia kitovu hakijapanda, nyuma zinabaki kilo 945 wakati wa breki kali. Yaani sehemu ya nyuma katika kazi ya kusimamisha imetoka asilimia 24 hadi 36. Mzigo ndio unaovuruga breki za pikapu. Kimo kinafuata kwa mbali.

Viwanda vinalijua hilo, na kwenye pikapu nyingi waliweka dawa yake. Ingieni chini ya gari, tazameni kwenye chasi karibu na ekseli ya nyuma. Mara nyingi mtaona valvu ndogo iliyofungwa kwenye chasi, na fimbo nyembamba au springi ikishuka hadi kwenye ekseli. Gari likipakiwa, chasi inashuka, fimbo inasukumwa, valvu inaruhusu presha zaidi iende nyuma. Gari likiwa tupu chasi inapanda na valvu inabana.

Mmeshaona tatizo liko wapi. Ukiinua bodi juu ya ekseli bila kugusa fimbo ile, valvu inadhani gari ni tupu siku zote. Pakia utakavyo, nyuma hazipewi presha ya kutosha. Mbele zinabeba karibu kazi yote, zinachemka, pedi zinaungua. Mwenye gari anasema breki ni dhaifu, ananunua diski kubwa zenye matundu (zinapendeza kwenye picha, sikatai), anang'oa dramu za nyuma aweke diski, na mwisho fundi anaitupa valvu kabisa. Likiwa tupu, siku ya mvua, mkia unatangulia. Yote hayo kwa fimbo iliyohitaji kishikio kirefu zaidi ili irudi kwenye pembe yake ya awali.

Kuhusu dramu na diski nitasema kidogo. Dramu hujisaidia: mzunguko wenyewe huivuta lainingi ijikaze. Diski haina msaada huo, kwa hiyo inataka presha kubwa zaidi kwa kazi ileile, na kalipa zake (zile zinazobana pedi kwenye diski) hunywa mafuta ya breki mengi zaidi. Hapo watu hubadilisha masta silinda, pampu inayosukuma mafuta hayo unapokanyaga pedali. Ukitoka kipenyo cha milimita 22 kwenda 25, mafuta yanayosukumwa yanaongezeka kwa asilimia 29, ila presha kwa mguu uleule inashuka kwa karibu asilimia 23. Pedali inakuwa ngumu na gari halisimami vizuri zaidi. Matairi makubwa nayo yanadai nguvu zaidi ya breki, mbele na nyuma kwa pamoja, hivyo hayabadilishi mgawanyo kati yake.

Ukishalazimika kuweka valvu ya kurekebisha kwa mkono, iweke kwenye bomba la nyuma tu. Kumbuka inapunguza presha, haiwezi kuongeza. Na usiifunge mfululizo na ile ya kiwandani, maana mbili zikibana kwa pamoja hutajua ipi inafanya nini.

Kisha pima. Funga geji ya presha kwenye tundu la skrubu ya kutolea hewa, moja mbele na moja nyuma, toa hewa upya, kanyaga pedali kwa hatua, andika namba. Geji iwe ya kuhimili presha za breki, si ile ya matairi. Baada ya hapo nenda uwanja mpana usio na watu, wenye lami kavu, kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa, na mtu mmoja asimame mbali pembeni akitazama magurudumu. Anza na nyuma zikiwa zimebanwa sana, fungua kidogo kidogo. Nyuma zikifunga kabla ya mbele, rudisha. Fanya hivyo gari likiwa tupu, kwani hapo ndipo nyuma hufunga upesi, kisha lipakie uangalie kama bado linasimama bila mbele kuchemka. Valvu ya mkono haijui mzigo. Anayebeba mizigo kila siku arudi kwenye ile ya fimbo.

Wenye gari la ABS (mfumo wa kompyuta unaozuia magurudumu kufunga) msiguse valvu wala masta kabla ya kujua kompyuta inagawaje presha. Kwenye mengi ya kisasa, fimbo yenyewe haipo na kazi hiyo ni ya programu.