Laini Bila Kukaguliwa Mikopo: Mazungumzo kwa Waliofika Marekani Karibuni

NEEMA: Karibu, msikilizaji. Leo tunazungumza na ndugu zetu waishio Marekani, hasa waliofika karibuni kutoka Kongo, Burundi, Kenya na Tanzania, ambao wameingia katika duka la simu wakiwa na fedha mkononi na bado wakaambiwa kwamba hawatapewa laini mpaka waweke amana. Mimi ni Neema, na niko pamoja na Kaka Rashidi.

RASHIDI: Ahsante, Dada Neema. Nami nilikuwa mmoja wao. Wiki yangu ya pili katika jimbo la Ohio, karani aliiingiza namba yangu ya Social Security, ile ya utambulisho inayotolewa na serikali, katika kompyuta, akatazama kwa muda, kisha akanitaka niweke amana ya dola 400 kwa simu moja tu. Sikuwa nikidaiwa na mtu yeyote duniani. Nilitoka pale nikihisi kana kwamba nimetuhumiwa wizi.

NEEMA: Na uchungu huo unaeleweka, kwa sababu kwetu mtu asiyedaiwa ndiye mwaminifu. Huku kampuni tatu, yaani Equifax, Experian na TransUnion, hutunza kumbukumbu za jinsi kila mtu anavyolipa mikopo yake, na kutokana na kumbukumbu hizo hupatikana alama ambayo, kwa kipimo cha FICO, huanzia 300 hadi 850. Mtu ambaye hajawahi kukopa hana alama mbaya. Hana alama kabisa. Lakini mbele ya karani, yeye na aliyeshindwa kulipa deni hutendewa karibu sawasawa.

RASHIDI: Msikilizaji atauliza, mikopo inahusiana vipi na kupiga simu? Inahusiana kwa sababu ule mkataba wa kila mwezi unaopigiwa debe dukani ni mambo mawili yaliyofungwa pamoja. La kwanza ni huduma ya laini. La pili ni simu ya dola 800 au zaidi, unayokabidhiwa leo ili uilipe kidogo kidogo kwa miezi 24 au 36. Huo ni mkopo, hata kama bango limeandika kwamba simu inatolewa bure. Ukiacha kulipa, laini inakatwa, salio la simu linadaiwa lote kwa mkupuo, na baadaye deni hupelekwa kwa wakusanya madeni, ambao ndio wanaoichafua kumbukumbu yako.

NEEMA: Kwa hiyo ushauri wetu wa kwanza, na ndio ninaoushikilia kuliko mwingine wote, ni kutenganisha simu na kifurushi. Nunua simu kwa fedha taslimu, hata ikiwa ya mtumba, kisha tafuta laini ya malipo ya kabla. Laini ya namna hiyo haikaguliwi mikopo, kwa sababu kampuni imekwisha kupokea fedha yake kabla hujapiga simu ya kwanza. Ni vocha ileile tuliyoikwangua Kigoma na Bukavu, ila huku inalipiwa kwa mwezi.

RASHIDI: Wapo wanaoidharau, Dada, wakisema kwamba ni laini ya watu maskini na kwamba mtandao wake hafifu.

NEEMA: Minara ni ileile, Kaka. Cricket ni mali ya AT&T, Metro ni ya T-Mobile, na Visible ni ya Verizon, na kila moja hutumia mtandao wa mwenye mali. Tofauti ya kweli huonekana panapokuwa na msongamano, kwa mfano uwanjani au katikati ya jiji jioni, ambapo mwenye mkataba mkubwa mara nyingi hutangulizwa na intaneti ya mwenye kifurushi cha bei nafuu hupungua kasi kwa muda. Kwa anayempigia mama yake kwa WhatsApp na kutafuta njia ya kwenda kazini, hilo halimzuii kitu. Jambo la kuangalia zaidi ni bei inayotangazwa. Mint Mobile, kwa mfano, huuza vifurushi vya miezi 3, 6 au 12, na bei ndogo unayoiona kwa mwezi ni ya yule anayelipa miezi hiyo yote kwa pamoja. Usilipe mwaka mzima kabla hujajua kama mtandao unashika chumbani kwako. Anza na muda mfupi.

RASHIDI: Niongeze jambo kuhusu simu yenyewe, kwa sababu wengi huja na simu zao kutoka nyumbani. Mwaka 2022 kampuni kubwa za Marekani zilikamilisha kuzima mitandao ya 3G, na tangu hapo simu isiyoweza kupiga kupitia 4G haipokelewi. Simu nyingi zinazouzwa Afrika Mashariki hazishiki masafa yote ya mawimbi ya huku, hivyo kabla ya kununua laini, bonyeza nyota, reli, sifuri, sita, reli, upate namba ya IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu yenyewe, kisha uiingize katika ukurasa wa kampuni unayoitaka ili ujue kama simu itakubaliwa. Waliokuwa Tanzania mwaka 2016, mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ilipozima simu bandia, wanaikumbuka vema namba hiyo. Anayenunua simu ya mtumba kwa mtu binafsi aikague pia, maana huenda simu imeibwa, au mwenyewe aliichukua kwa awamu na hakumaliza, na siku moja ikafungiwa ikiwa mkononi mwako.

NEEMA: Na maduka yanayotangaza simu kwa awamu bila kukagua mikopo?

RASHIDI: Mengi kati ya hayo hukodisha simu mpaka umalize kulipa ndipo iwe yako. Zidisha malipo ya kila wiki kwa idadi ya wiki zote, ulinganishe na bei ya dukani. Nimemfanyia hesabu hiyo jirani yangu mezani kwake, na alinyamaza kwa muda mrefu.

NEEMA: Kwa wenye kipato kidogo upo mpango wa serikali uitwao Lifeline, ulioanza mwaka 1985. Unapunguza gharama kwa hadi dola 9.25 kwa mwezi, na kampuni kadhaa hutoa kifurushi kizima bila malipo kwa fedha hiyo. Anastahili aliye kwenye SNAP, yaani msaada wa chakula, au Medicaid, bima ya afya ya wenye kipato kidogo, au ambaye kipato cha kaya yake hakizidi asilimia 135 ya kiwango cha umaskini kilichowekwa na serikali. Kila kaya hupata laini moja tu, na uthibitisho hurudiwa kila mwaka. Barua ya uthibitisho ikija, isitupwe. Mpango mwingine, ACP, uliosaidia kulipia intaneti, ulikwisha Juni 1, 2024, kwa hiyo anayekufuata sokoni akisema bado anaandikisha watu anatafuta taarifa zako.

RASHIDI: Na mtu anayehitaji mkataba wa kawaida licha ya yote haya?

NEEMA: Aulize kwanza kama ukaguzi wao utaandikwa katika kumbukumbu zake, kwa sababu ukaguzi wa aina hiyo unaweza kupunguza alama na hubaki humo kwa miaka miwili. Asizunguke maduka matano kwa siku moja. Akitakiwa amana kwa sababu ya taarifa za mikopo, sheria inalitaka duka limpe notisi yenye jina la kampuni iliyotoa taarifa hizo, naye ana siku 60 za kuomba nakala yake bure. Mimi nimeona kosa la tahajia ya jina likimbebesha mtu deni la mwingine.

RASHIDI: Tumalizie na swali la mama mmoja anayetusikiliza. Mwanawe anadaiwa na kampuni yake ya simu, anataka kuhamia laini ya malipo ya kabla, lakini anaogopa kwamba watamzuilia namba ambayo ndugu wote wa Goma wanaijua.

NEEMA: Mama, hawaruhusiwi. Kanuni za FCC, tume ya serikali inayosimamia mawasiliano, zinakataza kampuni ya zamani kukataa kuhamisha namba kwa sababu ya deni. Deni litabaki palepale na atalilipa, lakini namba ni yake. Aombe namba ya akaunti na namba ya siri ya kuhamia, azipeleke kwa kampuni mpya, na laini ya zamani asiikate mwenyewe mpaka ile mpya ianze kuita.