Kabati la Bibi Lina Mnunuzi

Ndugu zangu, kuna kauli inaniudhi, na wanaonijua wameshanisikia nikiilalamikia: "Hilo hakuna anayelitaka." Tanga likishaanuliwa, watoto wakianza kugawana vyombo, kabati la bibi linatupwa uani linyeshewe.

Juzi nimelikuta moja Temeke. Limepakwa rangi ya mafuta ya kijani, juu yake krimu, droo moja haifungi. Wenyewe walishakubaliana na muuza chipsi akalipasue kuni. Kuni! Nikaomba kuichomoa ile droo, nikaigeuza, nikakwangua kwa kisu upande wa chini ambako brashi haikufika. Mninga mtupu. Kwenye pembe, mbao zimeumana kwa meno yaliyochongwa kwa patasi, msumari hamna. Sasa niambieni, ubao wa mninga wenye upana ule leo mtaupata wapi? Nendeni Keko mkaulize bei, halafu mrudi kwangu. Na droo yenyewe ilikuwa imelika tu kwa chini kwa kuvutwavutwa. Nikagundisha kipande cha mbao, nikapitisha randa, nikasugua mshumaa. Ikateleza.

Najua mtaniambia: "Fundi, sisi tumepanga chumba kimoja, litapita mlango gani?" Lizungukeni kwanza! Makabati mengi ya zamani sehemu ya juu inanyanyuliwa, milango inatoka kwenye bawaba. Mnalolikimbilia dukani ni chembe za mbao zilizobanwa kwa gundi. Likinywa maji linavimba, skrubu haishiki tena, na fundi hana la kufanya. Lakini kiti kilichoungwa kwa gundi ya zamani, ile ya ngozi na mifupa, unakilegeza kwa maji ya moto na subira, ukakiunga upya.

Mnaouza, acheni kupiga picha gizani, vumbi tele. Futeni, fungueni milango, onyesheni ile pembe ya droo, andikeni aina ya mbao na vipimo. Mtu hawezi kutaka asichokiona.

Muda umenibana, habari ya vanishi naiacha. Hili siliachi: rangi nyingi za zamani zina madini ya risasi. Msizipige msasa zikiwa kavu, na watoto wakae mbali. Vumbi la mninga nalo linabana kifua, vaeni barakoa.

Haya, waliokuja na viti vyao wavilete hapa mbele.