Kupiga Sakafu ya Sebule na Marafiki, Ujiji

Habari zenu ndugu watazamaji, karibuni tena. Leo tupo Ujiji kwa mama yangu mdogo, tunapiga sakafu ya sebule. Sogeza kamera hapa chini waone. Imechimbika kiasi kwamba stuli haisimami sawasawa. Chumba ni mita 4 kwa 3. Nina marafiki wanne na shemeji yangu, kazi ya ujima kabisa. Mama mdogo yuko jikoni na migebuka ya mawese, Mungu ambariki.

Kutoa makochi na kufagia mnajua, napita. Ila jana jioni tulifanya jambo la maana: tulitindua sakafu yote kwa tindo na nyundo mpaka ikawa na makwaruzo, tukaondoa vumbi lote, tukaimwagia maji ikanywa usiku kucha. Sakafu kavu hunyonya maji ya mchanganyiko mpya, halafu tabaka mbili hazishikani. Baada ya miezi kadhaa ukigonga inalia kama debe tupu. Asubuhi hakikisha imelowa lakini hakuna dimbwi.

Mchanga. Chukua chupa ya plastiki inayoonyesha, jaza mchanga nusu, ongeza maji, tikisa sana, iache itulie. Hii hapa, angalieni. Mchanga umekaa chini, na huu utando mwembamba juu ni udongo. Wembamba hivi tunaupokea. Ukiona udongo umepanda kwa kina cha vidole viwili, mrudishie mwenye lori mchanga wake, hata kama ni rafiki yako.

Sasa usawa. Wengine hutumia macho; mimi naomba mtumie mpira wa pima maji, huu mweupe wa kupitisha mwanga. Jaza maji, angalia hakuna povu la hewa ndani, mmoja ashike huku, mwingine kona ile. Maji yakitulia piga alama ukutani pande zote. Kisha kila mahali unapima mita 1 kushuka kutoka kwenye alama, hapo ndipo sakafu itakapofika. Mpira huu ninao dukani kwangu Gungu, nakata kwa mita unazotaka.

Tunachanganya. Mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 kwa ndoo 7 za mchanga, ndoo za lita 20, zijae usawa bila kilima. Sakafu ya sentimita 4 kwa chumba hiki itakula mifuko 4, na wa tano ni wa niru, yaani tabaka jembamba la saruji la kumalizia juu, na akiba. Geuzeni kwa chepe vikiwa vikavu mpaka rangi iwe moja. Msichanganye mifuko yote kwa mpigo! Saruji ikishapata maji, ndani ya saa moja iwe imelala chini. Mfuko mmoja, malizeni, ndipo mwingine.

Na hapa nisikilizeni vizuri. Maji awe nayo MTU MMOJA. Mkiwa wengi kila mtu ana huruma, anamwona mwenzake anahangaika na chepe, anaongeza kikopo. Maji yakizidi, sakafu inakosa nguvu, inapasuka, inatoa vumbi kila ukifagia. Finyanga donge mkononi: likae bila kuvunjika, na lisitiririshe maji kwenye vidole. Basi. Hapo hapo.

Tunaanza kona ya mbali, tunarudi mlangoni. Kwanza uji wa saruji tupu, pakaa kwa ufagio eneo la kufanyia kazi sasa hivi tu. Halafu mikanda mitatu ya mchanganyiko, ukutani huku, katikati, ukutani kule, yote kwa kipimo cha alama zetu. Katikati ya mikanda jaza, shindilia kwa bao, kile kibao cha mkono cha kusawazishia, pitisha rula ya alumini...

Subiri. Subiri kidogo, usimwage hilo karai. Kamera njoo. Mnaona linavyong'aa? Maji yameelea juu. Nani ameongeza? Shemeji! Haya, hakuna ugomvi, tunaliokoa. Lirudisheni kwenye rundo, mtu achote saruji kavu na mchanga mkavu kwa uwiano uleule, yaani kwa ujazo kipimo kimoja cha saruji kwa vinne vya mchanga, ageuze mpaka donge likae. Msiweke saruji peke yake. Na shemeji kuanzia sasa anashika rula, kazi anayoiweza kuliko sisi wote, ana mkono mtulivu. Maji ni ya dada pale. Ndoo ikae miguuni pake.

Tumefika mlangoni. Sasa watu wote nje, mkale. Kweli, nendeni mkale, maana hapa panahitaji kungoja, na mtu mwenye njaa hangoji.

Niru haipigwi juu ya maji. Narudia: ukiona mng'ao juu ya sakafu, USIPIGE NIRU. Utafungia maji chini na baadaye maganda yatabanduka. Bonyeza kwa dole gumba. Likizama, bado. Likiacha alama ndogo bila kulowa, ndiyo sasa. Isipoacha alama kabisa umechelewa. Mimi nakaa hapa mlangoni na kujaribu kila baada ya dakika chache, simu naiweka mbali.

Haya, tayari, alama hiyo mnaiona. Kanyaga juu ya ubao mpana. Saruji iliyochekechwa, maji kidogo, isitiririke kwenye mwiko. Pakaa nyembamba, kandamiza, zungusha. Napenda niru ya kijivu bila rangi, inapendeza ikizeeka. Mama mdogo anataka nyekundu, na nyumba ni yake, kwa hiyo rangi ya unga imeshachanganywa humu. Mwiko auguse mtu mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho, mikono miwili tofauti huonekana.

Fungeni madirisha. Kiangazi hiki upepo wa kusini unapita ziwani, unakausha juu kabla ya ndani na kuleta nyufa. Kesho asubuhi tandikeni magunia, yaloweshwe asubuhi, mchana na jioni kwa siku 7. Kupita kwa miguu bila viatu vizito, baada ya siku 2. Makochi na kabati yasubiri wiki iishe.

Mwiko, bao, rula na mpira vyote vipo dukani. Ukija, nitajie vipimo vya chumba chako, nitakupigia hesabu ya mifuko papo hapo.