Domeni Ipo Wazi, Lakini Jina ni la Nani?

Mambo vipi wadau, karibuni tena dukani kwangu Kariakoo. Leo mashine ya stika nimeizima makusudi ili mnisikie. Watu wamekuwa wakinirudia na maboksi ya stika mpya kabisa ambazo hazitumiki, kisa jina. Mimi nauza uchapaji, mtu akirudia kuchapa napata hela mara mbili, ila roho inauma jamani. Basi leo tunachagua jina la biashara pamoja na domeni yake, ile anwani ya tovuti. Wasomi wanaita kikoa.

Mfano wetu ni dada anayeuza viungo vya pilau. Andika majina kumi kwenye karatasi. Hilo halihitaji video. Tayari? Haya.

Sasa futa yote yanayotaja bidhaa yenyewe. "Viungo Bora", futa. "Pilau Tamu", futa. Neno ambalo kila muuzaji wa viungo analihitaji ni gumu kulifanya mali yako peke yako. Leo wewe ni Viungo Bora, kesho jirani anafungua Viungo Bora Zaidi na huna la kumfanya. Jina lenye nguvu ni lile lisilohusiana na unachouza. Apple ni tofaa, lakini umeshaona mtu anatafuna kompyuta? Huyu dada akijiita Kengele, mteja atakumbuka. Mimi napenda silabi tatu, nne mwisho. Ukija na silabi nane stika inakuwa ndefu, na bei inarefuka nayo.

Majina ya milima na mbuga, fikiria mara mbili. Kuna maji ya Kilimanjaro na kuna bia ya Kilimanjaro, wenyewe tofauti, na mlima uko palepale. Utakuwa unagombania foleni.

Subiri, simu imelala. Dogo, hebu iegemeze kwenye ile rimu ya karatasi. Mnaniona? Nusu uso? Inatosha, uzuri wote uko nusu hii.

Tuingie kwenye kutafuta. Watu wengi wanaanzia kwenye tovuti ya kuuza domeni, wanaandika jina, inatoka kijani "ipo wazi", wanashangilia, wanalipa. Aliyekuuzia domeni hajakagua alama ya biashara ya mtu, yaani jina au nembo aliyoiandikisha iwe mali yake. Kazi yake ni kuangalia kama kuna mwingine aliyeandikisha herufi zilezile, moja baada ya nyingine. Ukibadilisha herufi moja tu, kwake hilo ni jina jipya. Kwa mwanasheria wa mwenye jina, si jipya hata kidogo.

Hapa ndipo nilipoumia mimi. Niliwahi kufunga ubuyu kwenye vikopo. Nikapata jina zuri, nikakuta mtu analo kwenye vyakula, nikajiona mjanja: nikatoa "z" nikaweka "s". Domeni ipo wazi! Nikalipa, nikachapa stika elfu tatu kwa mashine yangu mwenyewe. Miezi miwili baadaye ikaja barua ya wakili, kurasa mbili, heshima nyingi, salamu hakuna. Nikakaa hapa chini na kitambaa na mafuta ya taa nabandua stika kopo moja moja. Karatasi inatoka, gundi inabaki. Gundi inashika vumbi, kopo linakuwa na kama manyoya ya kijivu, na chini ya kucha kunanata siku tatu. Ubuyu wenyewe ukaanza kunuka mafuta ya taa. Tuliula sisi na majirani wasio na wivu.

Kwa hiyo sikiliza: soma jina kwa SAUTI. Kinachoangaliwa ni mteja atachanganyikiwa au la, na mteja anasikia kabla hajasoma. Sisi hapa mjini tunabadilishana "l" na "r" kila siku, muulize mgombea yeyote kuhusu kula na kura. "Dh" na "z" pia, "th" na "s" pia, "h" tunaimeza tu. Ukija kwenye majina ya kizungu, "c", "k" na "q" ni ndugu, "x" na "ks" ni mapacha. Kila jina litafute kwa tahajia zote hizo. Zote! Usitafute moja ukalala. Na ukiongeza "tz" au "dar" mwishoni mwa jina la mtu, hujaunda jina, umelivalisha kofia.

Hata ng'ambo walishaonyeshana hili. Mwaka 2003 kijana mmoja wa Kanada, jina lake halisi Mike Rowe, aliandikisha mikerowesoft.com. Litamke haraka. Microsoft wakamwandikia, wakampa ofa ya dola 10, naye akataka 10,000. Mwaka uliofuata wakapatana, akaiachia.

Wapi pa kutafuta? BRELA, wale wakala wa serikali wa kusajili biashara, kwenye mfumo wao wa mtandaoni. Angalia majina ya biashara na kampuni, halafu uombe upekuzi kwenye daftari la alama za biashara. Ni vitu viwili! Cheti cha jina la biashara si alama ya biashara, narudia, cheti ulichotundika ukutani hakimzuii mwenye alama kukuandikia. Kisha ingia hazina ya alama ya WIPO, shirika la dunia la miliki ubunifu, ni bure, uone za nchi nyingine. Malizia Google na Instagram, mpaka ukurasa wa tatu.

Kwenye alama kuna madaraja 45. La 1 mpaka la 34 ni bidhaa, la 35 mpaka la 45 ni huduma. Viungo viko la 30 pamoja na chai na kahawa, nguo la 25, mgahawa la 43. Kengele ya viungo na Kengele ya viatu zinaweza kuishi pamoja, kila mtu na daraja lake. Lakini kengele.co.tz ni moja, haigawanyiki. Wahi. Ila majina makubwa yanayojulikana dunia nzima usiyaguse hata kama unauza mkaa.

Ah, umeme. Tuendelee na mwanga wa mlangoni, samahani kwa honi ya guta.

Nani atakunyang'anya domeni? Kwa .com kuna utaratibu tangu 1999. Mlalamikaji anatakiwa athibitishe mambo matatu: jina linafanana na alama yake, wewe huna haki nalo, na uliliandikisha na kulitumia kwa nia mbaya. Pale WIPO anaanza kulipia dola 1,500, na ukishindwa domeni inaondoka. Fidia kwako hakuna.

Jina likipita kote, nunua domeni kwa jina LAKO na barua pepe yako, si ya fundi wa tovuti. Halafu andikisha alama. BRELA inakupa miaka 7 ya kwanza, ukihuisha ni 10 kila mara. Hiyo ni Tanzania Bara. Ukitaka kuvuka na boti kuuza Unguja, kule alama inaandikishwa BPRA, wakala wa usajili wa Zanzibar, ni safari nyingine.

Ukija kuchapa kwangu, nitakupigia simu kwanza nikiwa barabarani Msimbazi, kelele zote, unitajie jina. Nikiliandika vibaya, hatuchapi. Dogo, zima, chaji imebaki asilimia mbili.