Nyumba Ndogo Tabora: Kabla Hujaongeza Chumba

Shikamooni wazee wangu, na wenzangu habari za mchana. Nimeombwa kuzungumzia nyumba za kisasa, na naona baadhi yenu mmeshafungua picha kwenye simu: paa limefichwa nyuma ya ukuta, rangi nyeupe na kijivu, madirisha mapana ya slaidi. Zinapendeza. Lakini leo mimi nitakaa na nyumba uliyonayo tayari pale Isevya au Ng'ambo, ya tofali za kuchoma, ambayo familia imeshaizidi.

Hilo paa la kuficha nalo nisiliruke, maana mvua zikianza ndilo linalonipigisha simu. Bati lake lina mteremko mdogo, na maji yote yanakusanyika kwenye mfereji ulio upande wa ndani wa ukuta. Sasa mji huu ni wa miembe. Majani yanadondoka kiangazi kizima na kutulia kwenye mdomo wa bomba. Mvua ya kwanza inaleta vumbi, mfereji unaziba, maji yanapanda juu ya ukingo wa bati na kushukia ndani. Dalili ya kwanza ni duara la rangi ya chai kwenye dari ya jipsamu, pale kona. Paa la kawaida lenye upenu, gata ikiziba, maji yanamwagika nje, mnakanyaga tope basi. Ukilazimisha la kuficha, mwambie fundi atoboe tundu la pili juu kidogo ya lile la kwanza, lielekee nje, ili mfereji ukijaa maji yapate pa kutokea. Na pawe na njia ya mtu kupanda kusafisha.

Upenu una kazi nyingine pia. Tupo karibu nyuzi 5 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua la saa sita linapiga bati, haliingii dirishani. Linaloingia ni la saa kumi, likiwa limeinama, na ukuta wa magharibi unalibeba mpaka usiku. Ukiwa na nafasi ya kuchagua, upande huo peleka stoo, bafu, au kibaraza; usimlaze mtoto huko. Nyumba ikishakuwa imekaa vibaya, panda mti au ongeza paa dogo juu ya dirisha. Ni gharama ndogo kuliko kiyoyozi.

Slaidi ya vioo viwili inafunguka nusu tu, na watu huwa hawalipigii hesabu hilo wanapoagiza. Nyumba zetu za zamani zilikuwa na tofali za matundu juu ya dirisha, hewa ya moto ikitokea hapo usiku kucha. Tukaziba kwa kuogopa mbu. Fungua, weka wavu.

Kuhusu jiko la wazi lililoungana na sebule, kina mama hapa wanicheke wakitaka: kwa anayepika kwa mkaa, au anayekaanga dagaa wa Kigoma, makochi yatanuka hadi Pasaka. Jiko likae na mlango wa uani. Familia zetu zinaishi uani, na si jambo la jana. Nendeni Kwihara, hapa karibu na mji, mkalitazame lile tembe alilokaa mmisionari Livingstone mwaka 1872: kuta nene za udongo, na vyumba vimeuzunguka ua. Ukisakafia ua wako na kuezeka nusu yake, umepata sebule ya pili bila kugusa msingi. Maji ya bati hilo yavute kwenye tanki: milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1, kwa hiyo paa la mita za mraba 70 likipata milimita 20 linateremsha lita 1,400, ukiondoa zinazopotea.

Ndani, adui ni korido. Korido ya mita 1.2 kwa 7 ni mita za mraba 8.4, yaani chumba cha mita 3 kwa 2.8 kinachotumika kupita tu. Nyumba nyingi milango inaweza kuhamishwa ikafungukia sebuleni, na korido ikagawanywa: kipande kiende chumbani, kipande kiwe kabati la ukutani.

Ila asibomoe mtu kwa nyundo ya jirani. Panda darini kwanza uone kenchi, yaani zile mbao zinazobeba paa, zimekaa juu ya ukuta upi. Zikiwa juu ya huo unaotaka kuutoa, simamisha mirunda, nguzo za miti za kushikilia kwa muda, pande zote mbili, bomoa, kisha mwaga lenta, boriti la zege lenye nondo juu ya uwazi, ikalie ukuta uliobaki mzima huku na huku. Zege linahesabiwa kufikia nguvu yake kwa siku 28, na wiki ya kwanza linataka maji kila siku. Fundi akikwambia anatoa mirunda kesho kutwa kwa sababu anaihitaji kwenye kazi nyingine, mlipe ya kukodi, ibaki palepale.