Chagua somo kabla ya jiji: mhadhara kwa wanafunzi wa Mtwara kuhusu masomo ya kiangazi Asia

Ndugu Mwenyekiti, walimu wenzangu, wazazi mliotoka Newala na Tandahimba kuja kutusikiliza, nanyi vijana mliojaza ukumbi hadi milangoni: shikamooni wakubwa, hamjambo wadogo.

Nimeombwa nizungumzie masomo ya kiangazi katika vyuo vikuu vya Asia. Naanza na kalenda, maana ndiyo inayowakwamisha vijana wetu kabla hata fedha hazijatajwa. Kiangazi cha Seoul au Tokyo ni Juni hadi Agosti. Huku kwetu kusi inavuma na asubuhi mnavaa masweta. Kozi nyingi za huko huanza mwishoni mwa Juni au mwanzoni mwa Julai, nanyi wakati huo mko kwenye UE, mitihani ya mwisho wa muhula, au mnajiandaa nayo. Ukimaliza UE, fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, inakusubiri. Anayeondoka bila kupanga haya anajitafutia sapu, mtihani wa kurudia.

Kwa hiyo kiulizeni chuo cha huko kama kina awamu ya pili inayoanza mwishoni mwa Julai au Agosti. Halafu nenda kwa mkuu wa idara yako umwombe fildi isogezwe. Omba kwa barua, ujibiwe kwa barua. Ahadi ya kwenye korido haimsaidii mtu matokeo yanapotoka.

Tuseme tarehe zimekubali. Unakwenda kusoma nini? Chuo Kikuu cha Yonsei, Seoul, kinaendesha shule yake ya kimataifa ya kiangazi tangu 1985, na masomo hufundishwa kwa Kiingereza. Vyuo vya Singapore na Hong Kong navyo hupokea wageni majira hayo. Si matembezi, wanangu. Chukua somo la saa 45. Katika muhula wa wiki 15 lingekuwa saa 3 kwa wiki. Likibanwa kwenye wiki 6, ni saa 7 na nusu kwa wiki, na ukisoma mawili ni saa 15 darasani, bado hujafungua kitabu chumbani. Wiki ya tatu tu, una mtihani wa katikati. Anayeugua siku nne amepoteza sehemu kubwa ya somo.

Halafu kuna krediti. Kwetu, TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, huhesabu krediti moja kuwa saa 10 za kujifunza, zikiwemo za kujisomea mwenyewe. Korea, krediti moja ni saa 15 za darasani. Krediti 3 za Seoul zina uzito zaidi kuliko krediti 3 za Mtwara, na ukizirudisha bila maelezo utapunjwa. Chukua silabasi inayoonyesha saa, ipeleke idarani kabla ya safari, wakuandikie zitahesabiwaje.

Sasa naomba mnivumilie nikae kidogo kwenye jambo linalonikereketa. Korosho zetu nyingi zinaondoka zikiwa bado na maganda, zinakwenda India na Vietnam. Vietnam inaongoza duniani kwa kuuza korosho zilizobanguliwa, ilhali mashamba yake hayatoshi kulisha viwanda vyake. Inanunua ghafi Afrika, kwetu tukiwemo. Kule Kollam, jimbo la Kerala, ubanguaji umelisha familia kwa vizazi. Hapa Mtwara tulijengewa viwanda, na vingi tulivishuhudia vikifungwa. Gesi nayo ni hivyo hivyo. Ya Mnazi Bay iligunduliwa 1982, bomba la kwenda Dar es Salaam likakamilika 2015, na Lindi bado inausubiri mradi wa Likong'o wa kuigeuza gesi kuwa kimiminika. Japani inaagiza gesi ya namna hiyo tangu 1969. Karibu gesi yake yote hufika kwa meli.

Hao ndio wanunuzi wetu. Mtoto wa kusini anayepata wiki sita huko na asisome biashara ya kimataifa, mnyororo wa ugavi, sheria ya mikataba au uchumi wa nishati, akachagua somo kwa sababu jiji lake lina taa nzuri kwenye picha, ananisikitisha. Siku ya kujadili bei, nani atakaa upande wetu wa meza akiwa anajua mnunuzi anavyopiga hesabu zake?

Fedha. Ada huhesabiwa kwa somo, na wanafunzi wa vyuo vyenye makubaliano mara nyingi husamehewa au kupunguziwa, kwa hiyo ulizeni kwanza kama chuo chenu kina mkataba na cha huko. Msitegemee bumu, ile fedha ya mkopo wa wanafunzi. Na wazazi wakulima, hili ni lenu: ubalozi utataka kuona akaunti. Akaunti ya mkulima wa korosho hujaa Novemba, na kufika Mei imekauka. Ombeni benki itoe taarifa inayoanzia Oktoba, mwambatishe stakabadhi za AMCOS, chama chenu cha ushirika, na barua fupi inayoeleza msimu wetu ulivyo. Afisa wa viza hajui mnada wa korosho, mwelezeni.

Pasipoti ni Sh 150,000, na bila namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, na cheti cha kuzaliwa hutafika mbali. Maombi ya vyuo vingi hufungwa Aprili au Mei, basi pasipoti ishughulikieni kabla ya Krismasi. Akitokea wakala anayetaka hela kwenye simu yake ili akutafutie nafasi, mkatalie. Fomu iko kwenye tovuti ya chuo na ada inalipwa kwa chuo.

Mama mmoja ameniuliza kabla hatujaanza: binti yangu atakula nini huko? Malaysia na Singapore chakula cha halali kipo kila mtaa. Seoul, msikiti mkuu uko Itaewon, umefunguliwa tangu 1976, na mitaa inayouzunguka ina migahawa na maduka ya nyama ya halali. Siku nyingine atapika mwenyewe, ikiwa bweni lina jiko. Aulize hilo kabla ya kulipia chumba.