Faili Halibadiliki kwa Kubadilishwa Jina

Habari za jioni jamani. Mliosimama kule nyuma, viti vipo huku mbele. Hakuna mtihani mwishoni, msiogope. Leo nawaonyesha programu niliyoiandika ya kubadilisha mafaili kutoka aina moja kwenda nyingine.

Nianze na kosa ambalo wengi humu tumewahi kulifanya. Una picha imetoka kwenye simu, jina lake linaishia na .heic. Unakotaka kuituma wanataka .jpg. Unabofya jina, unafuta herufi za mwisho, unaandika jpg, unabonyeza Enter. Kompyuta inakuuliza kama una hakika, nawe unajibu ndiyo kwa ujasiri wote. Roho imetulia. Unaituma, inakataliwa. Umemvika mbuzi kanzu: kwa mbali anapendeza, ila akifungua mdomo atalia mee.

Kinachoamua faili ni la aina gani ni baiti zilizomo ndani (kila baiti ni namba kati ya 0 na 255), hasa zile za mwanzoni. Tazameni hapa kwenye skrini. Hii ni picha ya PNG, nimeifungua kwa programu inayoonyesha baiti kama namba. Nane za kwanza ni 137, 80, 78, 71, 13, 10, 26, 10. Kila PNG huanza hivyo. Waliobuni fomati hii katikati ya miaka ya 1990 hawakuziokota tu. Hizo 80, 78 na 71 ni herufi P, N na G. Ile 137 imezidi 127 makusudi, ili faili likipita kwenye njia ya kizamani inayokata biti ya nane (biti ni 0 au 1; zikibaki saba, namba haivuki 127), liharibike mlangoni na msomaji ajue papo hapo. 13 na 10 kwa pamoja ni alama ya mwisho wa mstari kwa mtindo wa Windows. 10 ya mwisho, iliyo peke yake, ni ya mtindo wa Unix, mfumo wa ukoo wa Linux. Mtambo wowote wa njiani ukijitia kusahihisha miisho ya mistari, saini hiyo ya baiti nane inavunjika. Na 26 iliizuia DOS, mfumo wa kompyuta wa kizamani, isiendelee kumwaga takataka kwenye skrini pale mtu alipojaribu kulisoma faili kama maandishi. Baiti nane, kila moja na lindo lake. Mimi huu nauita ushairi. Nyumbani hawakubaliani nami.

JPEG nayo huanza na 255, 216, 255. Zip huanza na herufi PK, ambazo ni za jina la Phil Katz, aliyeibuni. Sasa fungueni faili la .docx kwa namna hiyohiyo: mtakuta PK. Maana yake hati ya Word ni zip iliyovaa nguo nyingine. Badili jina lake liwe .zip, lifungue, utakuta folda inayoitwa word na ndani yake document.xml yenye maneno yako yote. Ndiyo, nimetoka kuwaambia kubadili jina hakusaidii, na hapa kumesaidia. Hapa jina jipya ndilo lililosema kweli.

Basi kipande cha kwanza cha msimbo nilichoandika kwa programu yangu kilikuwa hicho tu: fungua faili, soma baiti za mwanzo, amini hizo, jina liache.

Niliianza kwa sababu nilichoka. Kila ndugu aliyekuwa na faili lisilofunguka alilileta kwangu, nami nilikuwa naandika amri kwenye terminali, lile dirisha la maandishi matupu, namrudishia, kesho yake anakuja na jingine. Mtaniuliza, si kuna tovuti za kubadilishia mafaili bure? Zipo tele. Lakini angalia watu wanachobadilisha: nakala ya kitambulisho, cheti, hati ya mshahara, majibu ya daktari. Unapolipandisha faili kule, unalikabidhi kwa kompyuta ya mtu usiyemjua, na baada ya hapo unategemea ahadi yake kwamba atalifuta. Kazi ambayo kompyuta yako mwenyewe inaiweza kwa sekunde tatu, sioni kwa nini hati isafiri. Nikasema nitatengeneza dirisha moja: unaburuta faili, unachagua unachotaka, unabofya kitufe. Nilidhani ni kazi ya Jumamosi mbili. Msinicheke.

Nianze na kukiri. Kazi yenyewe ya kubadilisha sikuiandika mimi. Sauti na video zinafanywa na FFmpeg, iliyoanzishwa na Fabrice Bellard mwaka 2000. Picha zinafanywa na ImageMagick ya John Cristy, iliyotolewa kwa umma mwaka 1990. Hati za maandishi zinapitia Pandoc, ambayo tangu 2006 ni kazi ya John MacFarlane, mwalimu wa falsafa; naam, falsafa. Hati za ofisi zinapitia LibreOffice, ambayo inakubali kuendeshwa bila dirisha. Kwa hiyo programu yangu ni dalali. Inamsikiliza mwenye mali, inakagua mali, inampelekea fundi anayefaa, inarudi na majibu.

Dirisha lenyewe sitalisemea sana. Nimetumia Tkinter, zana ya kujengea madirisha inayokuja pamoja na lugha ya programu ya Python. Si ya kuvutia, lakini inafunguka upesi na haihitaji kubeba kivinjari kizima ndani yake, kama zinavyofanya programu zilizojengwa kwa zana iitwayo Electron. Mwenye kupenda urembo atumie zana nyingine, Qt.

Udalali ndio ulionitoa jasho. Toleo la kwanza lilikuwa linabadilisha video fupi bila shida. Ukiipa ndefu, ikifika mahali inaganda. Hakuna ujumbe wa kosa, kichakataji kimepoa, mstari wa maendeleo umesimama kama sanamu. Wiki mbili nilikuwa nailaumu FFmpeg, kumbe mkosa ni mimi. FFmpeg ikiwa kazini huongea sana: humwaga mistari ya maelezo kupitia mlango wa makosa, hata pale ambapo kosa halipo. Mimi nilikuwa nimeunganisha bomba kwenye mlango ule, halafu sikuchota kitu. Kwenye Linux bomba la namna hiyo kwa kawaida hubeba baiti 65,536. Likijaa, anayemwaga husimamishwa mpaka mtu achote. Nami nilikuwa nimesimama upande wa pili nikingoja FFmpeg imalize ndipo nichote. Fundi anamngoja dalali, dalali anamngoja fundi, na mteja anawatazama wote wawili. Video fupi zilipona kwa sababu maneno yake hayakutosha kulijaza bomba. Dawa yake ni mistari michache: uzi mmoja wa programu, yaani kazi ya pembeni inayoenda sambamba na nyingine, unakaa bombani muda wote, unachota. Na kwa kuwa unachota, unaweza pia kusoma dakika iliyofikiwa, na mstari wa maendeleo ukaanza kusema kweli.

Tatizo dada yake: faili la matokeo likiwa tayari lipo, FFmpeg huuliza kama iandike juu yake, ndiyo au hapana. Ukiwa kwenye terminali utajibu. Ndani ya programu yenye dirisha, swali linaulizwa gizani na hakuna wa kulijibu. Kwa hiyo mwambie fundi mapema kwamba haruhusiwi kuuliza. Kuna swichi ya -nostdin kwa kazi hiyo, na ya -n inayokataa kuandika juu ya faili lililopo.

Sasa nifike kwenye siku ninayoikumbuka vibaya. Nilikuwa nimeweka kisanduku cha kutia tiki: "Futa faili la awali baada ya kubadilisha." Niliona ni ukarimu, diski za watu zimejaa. Ndugu yangu mmoja akaingiza folda ya picha za harusi ili zote ziwe WebP, aina nyingine ya faili la picha, akatia tiki. Ndani ya folda kulikuwa na keki.jpg, na pia keki.png, picha mbili tofauti kabisa. Programu ikabadilisha ya kwanza ikapata keki.webp, ikafuta keki.jpg. Ikaja ya pili, ikatoa keki.webp, ikaandika juu ya ile ya kwanza, ikafuta keki.png. Mwisho wake dirisha likaandika: "Yamekamilika yote, hakuna kosa." Na kweli, kwa hesabu yake, kila hatua ilikuwa imefaulu. Picha kumi na moja zilipotea hivyo. Nyingine tulizipata kwenye simu za watu, nyingine hatukuzipata.

Kisanduku kile nilikiondoa usiku uleule na sitakirudisha, hata mtu akiniomba kwa machozi. Faili la awali haliguswi. Kabla ya kuanza, programu inatengeneza orodha nzima ya majina ya matokeo na kutazama kama kuna mawili yanayogongana. Yakigongana, la pili linaongezewa namba. Kumbukeni pia kwamba Windows kwa kawaida haitofautishi Keki na keki, kwa hiyo linganisheni kwa herufi ndogo. Matokeo yenyewe huandikwa kwanza kwenye faili la muda. Fundi akimaliza, na likithibitika kwamba linafunguka na si tupu, ndipo linapewa jina lake halisi. Kubadili jina ndani ya diski ileile hufanyika kwa mkupuo mmoja, kwa hiyo umeme ukikatika katikati, mtu hakuti nusu ya video iliyojifanya nzima.

Jambo jingine lililonichukua muda kulielewa ni kwamba wateja wangu wengi walikuwa wananiomba kisichowezekana. Mtu analeta wimbo wa MP3 anataka FLAC, aina ya faili isiyotupa sehemu yoyote ya sauti, "ili sauti iwe safi." Programu inaweza kufanya hivyo bila kulalamika, na faili litakuwa kubwa mara kadhaa. Lakini MP3 ilipotengenezwa, sehemu za sauti zilitupwa. Maji yakimwagika hayazoleki. Utakachopata ni MP3 ileile ndani ya sanduku kubwa. JPEG nayo ni hivyohivyo: inaikata picha vipande vya pikseli 8 kwa 8, kila kipande inakipunguzia undani ambao jicho halitausikitikia sana, na kila unapoihifadhi upya inapunguza tena. Ukiigeuza kuwa PNG unazuia hasara isiongezeke. Iliyokwisha kutokea haifutiki. Na ukienda kinyume, kutoka PNG yenye sehemu angavu, yaani zinazoonyesha kilicho nyuma yake, kwenda JPEG, JPEG haijui uangavu ni nini, na nembo yako nzuri huenda ikarudi ikiwa na mandhari nyeusi.

Kwa hiyo chini ya kitufe sasa kuna sentensi moja inayobadilika kulingana na safari unayotaka kufanya. "Uangavu utapotea, chagua rangi ya kujaza." "Ubora hautaongezeka, ukubwa utaongezeka." Haizuii mtu, inamwambia tu. Ndicho kipande cha programu ninachojivunia kuliko vyote, na kiufundi ni kile chepesi kuliko vyote.

Wakati mwingine habari ni njema. Video ya MKV mtu anaitaka MP4; MKV na MP4 zote ni makasha tu, na picha na sauti zilizomo mara nyingi ni za aina ambayo kasha lolote kati ya hayo linaipokea. Basi huna haja ya kupika upya. Unahamisha vilivyomo kutoka kasha hili kwenda lile, filamu ya saa mbili inamalizika kwa sekunde chache, na hakuna kilichopungua. Programu inakagua kwanza yaliyomo. Hupika pale tu inapolazimu.

Kuna swali pale... Anauliza PDF kwenda Word. Nilijua litakuja. Nimekataa kuliweka. PDF, tangu Adobe walipoitoa mwaka 1993, ni maelekezo ya kuchora ukurasa: weka herufi hii hapa, ile pale. Kwa kawaida haijui aya, haijui jedwali. Inajua mistari na mahali. Kumrudishia mtu aya ni kubahatisha, na bahati ikigoma jedwali la mahesabu linahamisha tarakimu kutoka safu moja hadi nyingine, bila kelele. Zipo programu zinazojitahidi. Mimi sitaki jina langu kwenye tarakimu ile.

Mawili ya haraka kabla ya kuwaonyesha. Usimpe fundi amri kama sentensi moja iliyounganishwa. Mpe orodha ya vipande, la sivyo faili lenye nafasi au nukuu ndani ya jina litakuumbua. Na mafundi wasasishwe: mwaka 2016 iligundulika kwamba picha iliyotengenezwa kwa hila ingeweza kuifanya ImageMagick iendeshe amri za mtu mwingine kwenye kompyuta yako. Kasoro hiyo ikapewa jina la ImageTragick. Dalali anapokea mali kutoka kwa yeyote, kwa hiyo awe na wasiwasi kidogo.

Kuhusu leseni, someni kabla ya kugawa. FFmpeg ya kawaida iko chini ya LGPL, leseni ya programu huria, lakini ikijengwa pamoja na x264, maktaba ya kubana video, inakuwa chini ya leseni ya GPL, na masharti yake ni mengine.

Haya, programu ndiyo hii, imefunguka. Dirisha ni tupu kama mnavyoona. Nani ana faili lililomshinda? Lete hiyo flashi. Hili? Linasema .doc... tuliangushe ndani. Mnaona, limeandika: "Jina linasema .doc, ndani ni PNG." Ni nani aliyelivika kanzu?